Wi-Fi ikiachwa wazi mfukoni, kila unapopita unaandikwa

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi ni fundi simu hapa Kariakoo, na ninachoandikia ni hili la mtu kufuatiliwa kupitia Wi-Fi na Bluetooth ya simu yake. Habari ya matapeli wa tuma kwenye namba hii watu wameshaielewa, wanajua kuficha namba ya siri, wanajua kutobonyeza linki za ajabu ajabu, elimu imefika na tunashukuru. Lakini hili la Wi-Fi halisemwi, na ndo linaniuma zaidi, maana hapa hakuna anayekupigia wala kukutumia meseji, we unapita zako tu dukani au stendi simu iko mfukoni, na kifaa kilichofungwa darini kinaweza kuwa kimeshaiandika simu yako umefika saa ngapi, umesimama upande gani, umeondoka saa ngapi, na kesho ukirudi kinakutambua kwamba ni yule yule wa jana. Hujabonyeza kitu, hujaulizwa, na hakuna hata karatasi mlangoni inayokwambia.

Sisemi kila duka la Dar linafanya hivi. Nasema vifaa vya kufanya hivi vipo, rauta nyingi za maofisini na mahotelini zinakuja na uwezo huo wa kufuatilia ndani yake kabisa, mwenye nayo anaiwasha tu, na sisi wateja hatuna njia ya kujua ameiwasha au hajaiwasha mpaka yeye mwenyewe aseme.

Inavyokuwa ni hivi. Simu ambayo Wi-Fi iko on na haijaungwa popote haikai kimya. Kila baada ya muda inarusha ujumbe mfupi hewani kuuliza kuna mtandao gani hapa karibu, kama konda wa daladala anavyoita Mbagala Mbagala hata kituo kikiwa kitupu. Ujumbe huo unabeba namba ya kifaa inayoitwa anwani ya MAC, ina herufi na tarakimu 12, na ile halisi iliyotoka kiwandani nusu yake ya kwanza inamtaja mtengenezaji, nusu ya pili ni ya kifaa chako peke yako. Hii siyo IMEI, ile unayoiona ukibonyeza *#06# na ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliitumia kuzima simu feki Juni 2016, wateja wengi wanazichanganya. IMEI inashughulika na kampuni za simu. MAC inasikiwa na yeyote mwenye kifaa cha Wi-Fi hapo jirani, hahitaji kibali wala mtambo wa gharama, laptopu na programu ya bure vinatosha. Na ukifunga vipokezi vitatu au vinne kwenye jengo moja ukalinganisha kipi kimeisikia simu kwa nguvu zaidi, unapata mtu alisimama kwenye rafu ya maziwa ya watoto au kwenye kaunta ya dawa, na kwa muda gani.

Wenzetu walishapitia haya zamani. London mwaka 2013 kampuni moja inaitwa Renew ilikuwa na mapipa ya taka barabarani yenye skrini za matangazo, na 12 kati ya hayo yakafungwa vifaa vya kusoma MAC za simu za wapita njia, watu wanaenda kazini wanapita kando ya pipa na pipa linawaandika. Ilipojulikana Agosti ya mwaka huo, halmashauri ya City of London ikawaambia waache mara moja. Marekani nako kulikuwa na kampuni Nomi iliyouza huduma ya kufuatilia wateja ndani ya maduka, kwa miezi tisa ya mwanzo ya 2013 ilikusanya taarifa za simu zipatazo milioni 9, na kwenye tovuti yao waliahidi kwamba mteja anaweza kukataa akiwa dukani kwenyewe. Dukani hapakuwa na sehemu ya kukataa wala tangazo la kumwambia mteja kwamba anafuatiliwa. Tume ya biashara ya kule, FTC, ikawabana kwa kudanganya watu, wakafikia makubaliano 2015.

Na mfano wa tatu ndo ninaoutaka hasa. Shirika la usafiri la London, TfL, lilifanya majaribio ya wiki nne mwishoni mwa 2016 kwenye vituo 54 vya treni za chini, likisoma Wi-Fi za simu kujua abiria wanapita njia zipi, na Julai 2019 likaanza kufanya hivyo moja kwa moja kwenye vituo zaidi ya 260. Tofauti yao na wale wa mapipa ni kwamba walibandika mabango vituoni, wakaeleza wanakusanya nini na kwa ajili gani, na wakamwambia abiria asiyetaka azime Wi-Fi yake. Unaweza usikubaliane nao, mimi mwenyewe sijaridhika na kila kitu pale, lakini angalau mtu ameambiwa. Kwahiyo mwenye jengo asituambie kwamba haiwezekani kuweka tangazo. Kwenye vituo zaidi ya 260 imewezekana.

Watengenezaji wa simu nao walishtuka. Apple kuanzia iOS 8 (iOS ni mfumo wa iPhone) mwaka 2014 wakaanza kuifanya simu itumie MAC ya kubuni inapotafuta mitandao, Android nao wakafuata, na kuanzia Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 simu inatumia MAC ya kubuni hata ikishaunganishwa, kila mtandao na namba yake. Ni hatua kubwa na inasaidia kweli. Shida ni kwamba simu zinazokuja mezani kwangu nyingi siyo hizo, ni Android 8, Android 9, nyingine ya chini zaidi, simu ya mzazi ambayo mtoto aliiacha aliponunua mpya, na hizo hakuna apdeti itakayokuja. Halafu hata hiyo namba ya kubuni haikutoka imekamilika, mwaka 2017 watafiti wa chuo cha jeshi la majini la Marekani walionyesha kwamba simu za wakati ule zote walizozijaribu waliweza kuzilazimisha zijibu kwa namba yake halisi. Tangu hapo yamerekebishwa mengi, ila ndo ujue usilale.

Kuna njia rahisi ya kuangalia simu yako inatumia namba gani, nawaonyesha wateja hapa. Fungua maelezo ya Wi-Fi uliyounganishwa, tafuta palipoandikwa MAC, angalia herufi ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni, uko vizuri. Ikiwa kingine, basi karibu kila mara hiyo ndo namba halisi ya kiwandani na unatembea nayo wazi.

Sasa nieleze kitu ambacho kilinifanya nikae chini niandike. Aliletwa mama mmoja na binti yake, simu yake ni ya muda mrefu kidogo, inamaliza chaji haraka, na moja ya vitu tunavyoangalia kwenye malalamiko ya chaji ni Wi-Fi kusaka saka muda wote. Nikamwomba afungue mwenyewe orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, akashuka nayo kwa kidole. Kulikuwa na Wi-Fi ya nyumbani kwa mwanae Arusha, lodge fulani, basi la mkoani, ofisi ya mkopo, kanisa, halafu kliniki ya ugonjwa ambao hakupenda ujulikane, jina la kliniki limeandikwa zima zima na aina ya kliniki. Mama akafunga skrini haraka binti asione. Mhariri, ile orodha ilikuwa ni maisha yake ya miaka kadhaa. Simu mpya nyingi zimeacha kutaja majina ya mitandao zikitafuta, zinauliza tu kwa ujumla, lakini za zamani zinayataja moja moja, hewani, kwa jina, kwa hiyo aliyekaa karibu na laptopu yake anasikia lodge, anasikia kanisa, anasikia kliniki. Hapo hata ukificha MAC haisaidii sana, maana mkusanyiko wa majina hayo peke yake unamtambulisha mtu, nani mwingine mjini ana kanisa lile, ofisi ile na kliniki ile kwa pamoja?

Na kuna watu wanaficha jina la Wi-Fi ya nyumbani wakidhani wameongeza usalama, mafundi wengi tu wanashauri hivyo. Ni kinyume. Mtandao ukiwa umefichwa haujitangazi, kwahiyo simu ndo inalazimika kuuita kwa jina popote inapokwenda, Kariakoo, Ubungo, Morogoro, inaita tu, hata simu mpya. Wi-Fi ya nyumbani usiifiche, weka nywila ndefu, na jina usiweke la ukoo wala namba ya nyumba. Na kama hutaki rauta yako iingizwe kwenye ramani za Wi-Fi za Google, maana wanazo, simu zinazopita zinawapelekea, malizia jina la mtandao kwa _nomap, hivyo hivyo na kistari chake cha chini, wanaiheshimu na Apple pia.

Ila kwa hapa kwetu mahali pabaya kuliko pote naona ni Wi-Fi ya bure inayodai namba ya simu. Unakaa mgahawani au hotelini, unaunganisha, unafunguka ukurasa unasema weka namba yako tukutumie namba ya kuthibitisha. Watu wanaweka bila kufikiri kwa sababu bando ni ghali, na siwalaumu. Lakini angalia kilichotokea. Laini zetu tangu Mei 2019 zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kila laini ina jina la aliyeisajili. Kwahiyo ukishaandika namba pale, ile MAC, hata kama ni ya kubuni, imefungwa na namba yako ya simu, na namba yako ina jina lako. Na ile MAC ya kubuni kwa mtandao mmoja kwa kawaida haibadiliki badiliki, simu inaikumbuka kwa jina la mtandao, kwahiyo mgahawa wenye matawi matano yenye Wi-Fi ya jina moja unakuona ni mtu yule yule kote, leo Mlimani, Jumamosi Masaki, Jumapili Mbezi, na unakuwa na nani siku hiyo pia inajulikana, maana simu ya mwenzako nayo imeingia dakika ile ile, imekaa muda ule ule, imetoka pamoja na yako. Kwa mtu mwenye ndoa yenye matatizo, kwa binti anayemkimbia mtu aliyekuwa anampiga, kwa mwandishi wa habari anayekutana na mtu wa kumpa taarifa, hii siyo takwimu ya biashara, ni hatari ya mwili kabisa.

Watu wananiambia mi sina cha kuficha. Nawajibu kwamba yule mama hakuwa na kosa lolote, alikuwa anaumwa.

Basi cha kufanya kwenye simu, nitasema nisichochoka kusema hapa dukani. Ukitoka nyumbani zima Wi-Fi na Bluetooth, uwashe unapohitaji. Kwenye iPhone usizimie pale kwenye vitufe vya kushusha (Control Center), tangu iOS 11 vile vinakata muunganisho tu kwa muda na kesho vinajirudisha, zimia ndani ya setingi zenyewe. Kwenye Android kuna mtego mwingine, hata ukizima Wi-Fi simu inaweza kuendelea kusaka mitandao kwa ajili ya lokesheni, ingia Location, tafuta Wi-Fi scanning na Bluetooth scanning, zima zote mbili, kwenye Tecno na Infinix menyu zinapishana pishana kidogo ila maneno hayo yapo, andika scanning kwenye kisanduku cha kutafutia utayaona. Kisha gusa mtandao uliounganishwa, tafuta Privacy, hakikisha imechaguliwa Use randomized MAC na siyo Use device MAC. iPhone inaitwa Private Wi-Fi Address, na kuanzia iOS 18 kuna chaguo la Rotating ambalo linabadilisha namba mara kwa mara, hilo ndo linafaa kwa Wi-Fi za mahotelini. Futa mitandao ya zamani yote usiyotumia tena, na utakayobakiza ya nje zima ile ya kujiunga yenyewe.

Kingine ambacho watu hawakioni ni jina la simu. Hotspoti yako na Bluetooth yako inajitangaza kwa jina, na wengi wameweka jina kamili, unakaa kwenye basi unafungua Bluetooth unaona fulani wa fulani, umemjua na hajakwambia. Badilisha iwe neno lolote lisilokuhusu. Na VPN, naulizwa sana hii, VPN haihusiki hapa. Inaficha unachotembelea intaneti, haifichi simu yako kwa rauta iliyo mita kumi kutoka ulipokaa. Wala kubadilisha laini hakusaidii, MAC ni ya kifaa.

Vile vidude vidogo vya Bluetooth vya kutafutia funguo navyo vinatumika vibaya, mtu anakutumbukizia kwenye mkoba. Tangu Mei 2024 Apple na Google wameweka tahadhari ya pamoja, simu ikikwambia kuna kifaa kinatembea na wewe usiipuuze, kitafute, na kama unamhofia mtu fulani usikitupe, nenda nacho polisi.

Lakini Mhariri, siwezi kumaliza kwa kumtwisha mwananchi mzigo wote. Mama wa sokoni hawezi kuambiwa ajifunze herufi ya pili ya MAC ndipo apate faragha yake. Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Kenya sheria yao ya 2019 inataja waziwazi kwamba data ya lokesheni na kitambulisho cha mtandaoni ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, kwahiyo kule ubishi wa kwamba MAC siyo taarifa binafsi ni mgumu kuusimamisha. Naiomba Tume yetu iseme hivyo hivyo, kwa Kiswahili chepesi, kwa barua iende kwa wenye maduka makubwa, mahoteli, mabasi na stendi, kwamba anayesoma simu za watu kwa Wi-Fi au Bluetooth anakusanya taarifa binafsi na anawajibika. Wakitaka kuhesabu wateja wahesabu mlangoni, kuna vihesabio vya mwanga ambavyo havijui ni nani kapita, kazi inafanyika bila kugusa simu ya mtu.

Na kama mtu lazima atumie Wi-Fi, basi kwenye mlango wake liwepo tangazo linalosomeka, la Kiswahili, lisiwe kurasa ishirini za Kiingereza zilizojificha nyuma ya kitufe cha Nakubali. Liseme nani anakusanya, anatunza kwa muda gani, anampa nani mwingine, na mteja asiyetaka afanyeje. Namba ya simu isiwe sharti la kupata Wi-Fi ya kunywea chai.

Kwa mafundi wenzangu wa Aggrey, Makumbusho, Mwanza, Mbeya na kwingine, simu ikija kubadilishwa kioo au betri, kabla hujamrudishia mteja mwonyeshe hizo setingi mbili tatu, aziweke yeye mwenyewe kwa mkono wake, na orodha ya mitandao yake usiisome, mwache aifute mwenyewe. Tusiwatoze kwa hilo.

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam